Timu ya Jumamosi na timu ya NFL: kipi cha kuiga, kipi cha kuacha

Kocha, salamu. Kwa wadau ambao hawakulisoma swali: kocha ana timu ya futiboli ya bendera hapa Nakuru, watu 9, wengi wametoka kwenye raga. Katika mchezo huu humwangushi mwenye mpira, unamng'oa bendera inayoning'inia kiunoni. Wamepakua kitabu cha michoro ya mbinu cha timu moja ya NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli ya Kimarekani, na kukikariri mwezi mzima, lakini kila mechi kwotabeki wao, yaani mrushaji, anang'olewa bendera kabla hajarusha. Anauliza wako mbali kiasi gani na timu za kulipwa, nini waige, na wajiandae vipi kwa mechi ya kirafiki ya Kisumu.

Nianze na hicho kitabu, kwa sababu ndicho kinachowafunga. Michoro ya NFL imetungwa juu ya vitu vitatu ambavyo kanuni zenu haziwapi: ukuta wa watu 5 wa kumkinga kwotabeki, uwanja wenye upana wa yadi 53 na theluthi, na mpiga teke wa kuwaokoa majaribio yakiharibika. Katika futiboli ya bendera ya watu 5 kwa 5, kumkinga mwenzako ni kosa, upana ni yadi 25, na mpira haupigwi teke hata mara moja. Vijana wako hawana ubaya wowote. Wanacheza mchezo mmoja kwa ramani ya mchezo mwingine.

Chukueni mchoro mmoja tuupime kwa saa. Kwotabeki wa NFL kwa kawaida hupata sekunde mbili na nusu au zaidi kabla ya kurusha, maana kuna watu wenye zaidi ya kilo 130 wanaozuia njia. Kwenu, rasha, yaani mlinzi anayemkimbilia kwotabeki, anasimama yadi 7 kutoka mstari wa kuanzia, yaani mita 6.4. Kwotabeki wako yuko yadi 5 nyuma ya mstari, yaani mita 4.6. Jumla ni mita 11, na kijana mwenye mbio huzimaliza kwa sekunde 2 hivi akianzia kusimama. Sasa toa karibu nusu sekunde ambayo mpira unatumia kutoka kwa senta, anayeuanzisha, hadi mkononi, na karibu nusu nyingine ya kuvuta mkono na kuachilia. Inabaki sekunde 1 ya kuangalia na kuamua. Katika muda huohuo mpokeaji anaweza kukimbia yadi 5, akakata nje au akageuka, akawa tayari. Hawezi kukimbia yadi 15, akakata, akawa tayari. Njia hiyo inataka sekunde 3. Kwa hiyo kila mchoro wa kitabu hicho ambao pasi yake ya kwanza iko mbele ya yadi 8 au 9 umekufa kabla haujaanza. Ile michezo ya kujifanya unampa mkimbiaji mpira huku umeupa uwanja mgongo, ifuteni kabisa. Huwezi kumpa mgongo rasha ambaye hana mtu wa kumzuia.

Mkakati unaofanya kazi ni huu. Pasi ya kwanza iwe kati ya yadi 3 na 6, itoke mara tu mguu wa nyuma wa kwotabeki unapotua. Chaguo la pili liwe kwenye mstari huohuo wa macho, nyuma ya lile la kwanza, asilazimike kugeuza shingo kutafuta upande mwingine. Kama mnataka pasi ndefu, nunueni muda kwa miguu: rasha akijipanga kulia, kwotabeki ateleze hatua 2 au 3 kushoto mara anapopokea mpira, ili rasha aikunje njia yake badala ya kuja moja kwa moja. Hapo mnapata nusu sekunde ya ziada, na nusu sekunde ni yadi 4 za mpokeaji. Senta wenu asiende kumzibia rasha njia. Kwa kanuni za shirikisho la dunia, IFAF, rasha aliyeinua mkono kabla ya mpira kuanza ana haki ya njia, na anayemkata anaadhibiwa hata kama hakukusudia.

Kuna jambo la upana ambalo huwashangaza wengi. Watu huamini futiboli ya bendera ina nafasi tele kwa sababu ya uchache wa wachezaji. Pigeni hesabu. NFL ikituma 4 kumkimbilia kwotabeki, 7 waliobaki wanagawana yadi 53, sawa na yadi 7 na nusu kila mmoja. Kwenu rasha ni 1, wanne wanagawana yadi 25, yadi 6 na robo kila mmoja. Kwa upande, nyinyi ndio mmebanana zaidi! Ndiyo maana michoro ya kuwatawanya wapokeaji kushoto na kulia haifungui kitu. Kinachofungua ni ngazi: mmoja yadi 3, mwingine 7, wa tatu 12, wote upande mmoja. Mlinzi wa eneo hilo hawezi kuwa mahali pawili. Akishuka kwa wa 3, wa 7 yuko wazi.

Sasa umbali. Kwa NFL, majaribio 4 ni ya kupata yadi 10, kwa hiyo mkimbiaji anayepata yadi 3 amefanya kazi yake. Nyinyi mnaanza kwenye yadi 5 yenu, yaani yadi 5 kutoka mstari wenu wa goli, na majaribio 4 ni ya kuvuka katikati ya uwanja, yadi 20 mbele. Hiyo ni wastani wa yadi 5 kila jaribio. Mkivuka mnapewa mengine 4 ya kutafuta tachidauni, yaani kuufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa goli la wapinzani, yadi 25, wastani wa yadi 6 na ziada. Kukimbia kwa yadi 2 ni jaribio lililotupwa. Isitoshe, yadi 5 kabla ya katikati na yadi 5 kabla ya mstari wa goli ni eneo la marufuku ya kukimbia: mpira ukianzia hapo lazima upigwe pasi, na kila mlinzi anajua. Timu nyingi hukimbia kwa furaha hadi yadi 3 kutoka katikati, kisha zinakwama. Mkiwa kwenye jaribio la pili, yadi 8 kutoka katikati, pigeni pasi ya kuvuka moja kwa moja. Msikimbie mkajiingiza mtegoni.

Jaribio la nne ndipo tofauti inapokuwa kubwa kuliko mahali pengine pote. Timu ya NFL hapo mara nyingi hupiga mpira mbali kwa mguu au hutafuta pointi 3. Nyinyi hamna teke, na mkishindwa wapinzani wanaanza kwenye yadi 5 yao popote mpira ulipofia. Maana yake pasi ndefu iliyoanguka chini na pasi fupi iliyokosa yadi 1 zina gharama moja. Basi kwenye la nne lengeni mbele ya mstari mnaouhitaji, kila mara. Kinachouma ni kumrushia mtu yadi 4 wakati mnahitaji 9, mkitumaini atawachenga walinzi.

Na upande wa ulinzi, geuzeni kabisa desturi ya NFL. Kule mlinzi hufundishwa kuipiga chini pasi ndefu ya jaribio la nne, maana timu yake itapata mpira mahali jaribio lilipoanzia, na kuidaka mbali huko kunaipotezea yadi. Kwenu, mkiipiga chini mnaanza yadi 5. Mkiinasa mnaanza pale aliyeinasa anapong'olewa bendera, na anaweza hata kuirudisha. Inaseni. Labda kama mlinzi yuko ndani ya yadi zenu 5 na mtu amemganda mgongoni, hapo aipige tu chini.

Kitu kimoja nataka mkione kwa karibu, kwa sababu kinazipa timu nyingine pointi 2 za bure kila wikendi. Mpira uko yadi 5 yenu. Kwotabeki amesimama yadi 5 nyuma. Amesimama wapi? Juu ya mstari wa goli lake. Senta akirusha juu ya kichwa chake, au mpira ukidunda ukagusa ardhi nyuma ya mstari huo, mchezo umekufa papo hapo na ni seifti, yaani zile pointi 2 kwa wapinzani. Katika NFL mpira ulioanguka hugombaniwa. Mtu hujirusha juu yake na maisha yanaendelea. Kwenu mpira ukigusa ardhi umekufa. Kwa hiyo majaribio mawili ya mwanzo kwotabeki asimame yadi 3 na nusu nyuma, magoti yamekunjwa, mikono mbele ya kitovu, vidole vinaangalia chini. Senta aangalie kati ya miguu yake hadi mpira umtoke mkononi. Wengi huinua kichwa kumtazama rasha na mpira unaondoka kwa juu. Rusheni 50 kila zoezi, 20 za mwisho wakati senta anahema baada ya kukimbia, maana ndivyo atakavyokuwa kwenye mechi.

Kuhusu raga. Nakuru ni mji wa raga na mna mtaji mkubwa: kasi, kubadilisha mwelekeo, ujasiri wa kudaka mpira wa juu. Lakini mazoea manne yatawagharimu. La kwanza ni mkono wa kumsukuma mkabaji. Kwenu huo ni kuzuia bendera, hata mkono ukipita tu mbele ya kiuno bila kumgusa mtu. Mwenye mpira aubebe kwa mkono wa juu, karibu na kifua, na mkono mtupu uende nyuma kama anakimbia mita 100. La pili ni kumtupia mwenzako nyuma unapozingirwa. Kanuni za NFL FLAG, mpango wa NFL wa futiboli ya bendera, hazikubali, na ukiutupa ukaanguka umekufa vilevile. La tatu ni kujirusha kwenye magoti ya mtu. Bendera ziko nyongani, na ukimgusa mguu akaanguka adhabu ni yenu. La nne ni kuinamisha kichwa na kumvaa mlinzi aliyesimama. Mwenye mpira ndiye anayetakiwa kumkwepa.

Kung'oa bendera ni ufundi unaojitegemea, na hapa mchezaji wa kulipwa hana la kuwafundisha. Yeye maisha yake yote amefundishwa kukumbatia na kuangusha. Fundisheni hivi: mkimbilie kwa kasi hadi mita 3, kisha fupisha hatua, shusha nyonga, miguu upana wa mabega. Macho yakae kwenye kifungo cha kaptula, kwa sababu mabega na macho ya mtu hudanganya na kiuno hakidanganyi. Simama nusu mwili upande wa ndani ili umwachie njia moja tu, ya kwenda mstari wa pembeni. Mikono miwili iende pamoja, viganja juu, kila mkono na bendera yake. Anayenyoosha mkono mmoja kukatiza mwili wa mwenzake hushika jezi, na jezi ni adhabu. Zoezi lake ni kiboksi cha mita 5 kwa 5, mmoja kwa mmoja, sekunde 4, kila mtu mara 10. Msiende kwenye mambo mengine hadi timu nzima ing'oe angalau 7 kati ya 10.

Vifaa vinakuja hapohapo. Kaptula isiwe na mifuko, vidole huingia mfukoni vikavunjika. Rangi ya bendera itofautiane na kaptula. Jezi ichomekwe. Mikanda ya kushika kwa nyuzi za kunasana ni rahisi kushonesha, lakini vumbi la Nakuru huijaza na bendera zinaanza kudondoka zenyewe. Isugueni kwa mswaki mkavu kila baada ya mechi. Mikanda yenye soketi za plastiki inayotoa mlio bendera ikichomoka inadumu zaidi, na mwamuzi anausikia ule mlio.

Mpira wa raga msiutumie kufundishia kurusha. Mzingo wake wa kati ni sm 58 hadi 62. Wa futiboli ya Kimarekani ni kama sm 53 au 54. Kiganja kilichozoea ule mnene hushika huu vibaya: kidole gumba kinakaa chini mno na mpira unatoka ukiyumba. Kidole cha pete na kidogo vikae kwenye kamba, cha shahada karibu na ncha, na muache mwanya wa mwanga kati ya mpira na kiganja.

Sasa ya kuiga kutoka kwa wakubwa, maana yapo. La thamani kuliko yote ni zoezi la kutembea. Timu za NFL, siku moja kabla ya mechi, hupita michoro yao kwa mwendo wa miguu tu, bila kasi. Nyinyi fanyeni dakika 15 kabla ya kila mechi: kila mtu anatembea njia yake akihesabu hatua kwa sauti, na kwotabeki anaonyesha kwa kidole anapotazama kwanza na pili. Makosa mengi ya kurusha ni mpokeaji aliyekata kwenye yadi 7 wakati mchoro unasema 5, na kutembea kunaonyesha hilo waziwazi.

La pili ni kamera. Wale hurekodi kutoka juu, pembeni na nyuma ya goli, ili wachezaji wote waonekane. Simu moja juu ya stendi au juu ya paa la gari nyuma ya eneo la mwisho, lile la kufungia, inatosha. Msimfuate mwenye mpira. Iacheni ikae pale. Mkitazama, ulizeni swali moja kwa kila mchezo: mpira ulipotoka mkononi, nani alikuwa wazi?

La tatu ni karatasi ya mkononi. Kitabu cha NFL kina mamia ya michoro kwa sababu kuna wachezaji 53 wanaolipwa kukisoma wiki nzima. Nyinyi chukueni 10: sita za kawaida, mbili za eneo la marufuku, mbili za pointi ya ziada baada ya tachidauni, moja ikianzia yadi 5 kwa pointi 1 na nyingine yadi 10 kwa pointi 2. Zipeni majina ya mitaa, lakini yasikike tofauti. Lanet na Langalanga zinaanza sawa, na kwenye kelele mpokeaji mmoja atakimbia Lanet na mwingine Langalanga. Bahati, Shabab na London hazichanganyiki.

Msidhani pia kwamba ukubwa wa NFL ndio kipimo cha futiboli ya bendera. Mexico haina timu ya NFL, na wanawake wake waliifunga Marekani 39 kwa 6 kwenye fainali ya World Games ya 2022 kule Birmingham, Alabama. Tangu 2023 NFL yenyewe imegeuza Pro Bowl, mechi ya nyota wake, kuwa ya bendera, watu 7 kwa 7. Mwaka 2028 mchezo wa 5 kwa 5 utakuwa Olimpiki ya Los Angeles, kila kikosi watu 10, mmoja tu zaidi ya mlio nao. Vijana wanaoota kuvuka kutoka raga wanamjua Daniel Adongo, Mkenya aliyehamia Indianapolis Colts, timu ya NFL, mwaka 2013. Lakini yeye alienda kwenye mchezo wa kugongana. Ulio mbele yenu ni mwingine na una mlango wake.

Uwanja, kwa ufupi. Urefu wote pamoja na maeneo ya mwisho ni yadi 70, mita 64. Huo unaingia ndani ya upana wa uwanja wa kawaida wa kandanda, kwa hiyo uchoreni kwa kukatiza, na viwanja vitatu vitaingia ubavu kwa ubavu. Upana ni mita 22.9. Chukueni kamba ya katani, fungeni mafundo kwenye mita 9.1, 13.7, 27.4, 32, 36.6, 50.3, 54.9 na 64, mkaipitishe kila upande na kumwaga chokaa kwenye mafundo. Pimeni kutoka kona hadi kona: zote mbili zikiwa mita 68, uwanja umenyooka. Viwanja vya shule vingi ni vyembamba. Hapo punguzeni maeneo ya mwisho, msiguse yadi 50 za katikati, maana wastani wote nilioueleza unategemea hizo.

Mechi ya Kisumu. Ombeni ianze kabla ya saa nne asubuhi. Joto la kule si la Nakuru, na tofauti na NFL ambako kwa kawaida anayeshambulia halindi, vijana wako 9 watacheza pande zote mbili, vipindi viwili vya dakika 20 na saa haisimami hadi dakika za mwisho. Mbadilisheni rasha kila baada ya zamu mbili za ulinzi, ndiye anayechoka kwanza. Mpira nao una habari zake. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na Kisumu takriban 1,130. Mkiujaza hapa hadi psi 13 (kipimo cha shinikizo la hewa), kule utasoma karibu psi 12 kwa sababu hewa ya nje ni nzito zaidi. Mpira ukikaa kwenye buti la gari juani, utapanda tena usomeke kama uko sawa, kisha unywee ukipata kivuli. Bebeni pampu na geji, uacheni mpira pembeni mwa uwanja nusu saa kivulini, ndipo mpime na kuurudisha kati ya 12.5 na 13.5.